Haki ya Zamu Moja

Kinyozini kwa Badi, Sparki, adhuhuri ya Jumamosi,
feni inazifagia nywele za watu kutoka kona hii hadi ile,
na ubao wetu umekaa juu ya kreti ya soda
kwani meza ilivunjika mguu tangu Ramadhani.

Askari mmoja mweusi alipotea, hatujui lini.
Pahala pake pamesimama kifuniko cha chupa,
kimebonyea upande,
na ni hicho kifuniko kilichotugombanisha.

Wangu alikuwa keshafika nyumba ya tano, anahema.
Mwadime, mwendesha winchi wa Kilindini,
akakiinua kifuniko kutoka kwao kilikozaliwa,
akakirusha nyumba mbili kwa mpigo mmoja,
kikatua ubavu kwa ubavu na wangu,
mithili ya mtu apitaye mbele ya baraza yenu
simu kaibana sikioni, wala haongei na yeyote,
ili tu asitoe salamu.

Nikamla.
Nikaenda mshazari, nikaingia nyumba tupu aliyoiruka,
kifuniko nikakitia mfukoni.

"Ebo! Wala hewa?"
Mwadime kasimama, shuka la kinyozi shingoni,
shavu moja limenyolewa, la pili lina povu.
"Askari huingia pale anapoua!
Miaka kumi na tisa nacheza, sijaona
mtu apigwe nyumba hii, afie nyumba ile."

Wateja wakageuka mahakama.
Mmoja akasema sheria ipo, na hata malkia huliwa hivyo.
Mwengine: ipo, ila mara moja tu kwa mchezo mzima.
Kijana muuza maji akaapa ilifutwa zamani,
alisikia kwa binamuye.
Badi akauliza kama twalipa au twapiga domo.

Nami sipendi kelele kwenye duka la watu.
Nikakitoa kifuniko mfukoni,
nikakirudisha, na wangu nikamrudisha,
nikacheza farasi.
Yaishe.

Hayakwisha. Akaingia Bi Zamzam
akimburura mjukuu aje apunguzwe nywele.
Ndiye afundishaye watoto sataranji pale Tononoka,
na kila sheria ameitia vina,
maana kisicho na vina, asema, hakilali kichwani.
Tukamsomea kesi. Hakuketi hata kuketi:

*Akiruka nyumba mbili, akukwepe ubavuni,*
*mle nyumba ya awali, kama yumo safarini;*
*ni papo, usijadili, haiwekwi akibani,*
*ukingoja, umefeli, imepita mlangoni.*

Sikusikia beiti, nilisikia ushindi.
"Si nilisema! Si nilisema!"
Mkono wangu ukaenda kwenye kifuniko,
naye akaushika, kwa vidole viwili,
kama amwondoaye mtoto kwenye sahani ya wageni.

"Baada ya yeye kuruka, ulicheza nini?"
"Farasi."
"Basi."
"Lakini Bi Zamzam, haki ilikuwa yangu."
"I-*li*-kuwa," akasema,
akaikalia ile *li* kwa uzito wake wote.

Mwadime aliketi. Povu lilikuwa limemkauka shavuni
nyufa nyufa, kama chokaa ya ukuta wa zamani.
Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.
Alikitazama tu kile kifuniko
kama mtu aliyeokota noti na mwenyewe hajarudi.

Nyumba ya kwanza kikashuka, farasi wangu yuko mbali.
Ya pili, nikaleta ngome, nikachelewa.
Ya tatu. Mjukuu ananyolewa, analia.
Ya nne ni mwisho wa ubao,
na malkia wa akiba hatukuwa naye.

Badi akaweka wembe chini,
akaja, akakipindua kifuniko kichwa chini,
meno yake yakaelekea juu, duara kamili.

Taji, kumbe, alikuwa nalo tangu mwanzo.
Lilikaa hata mfukoni mwangu.